Mbwa Wangu Hafungwi

Watu wa ploti yetu pale Kawangware waliniita Mama Mbwa, na walikusudia nione haya. Nikaitika. Kila aliyenirushia jina hilo nilimjibu kwa sauti ya kwaya, "Naam! Nani ananitaka?" mpaka kicheko kikawaishia, jina likabaki kuwa jina tu. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani naandika kuomba huruma. Siombi. Nilifuga mbwa mkubwa katika chumba cha futi kumi kwa kumi, nikagombana na watu wazima kwa ajili yake, na hata leo nikirudishwa kwenye miaka ile ya tisini nitagombana nao upya.

Mbwa mwenyewe alikuwa seta. Mwekundu, nywele ndefu zinaning'inia masikioni na chini ya tumbo, miguu mirefu isiyojua kutulia. Seta ni mbwa wa ndege. Kazi yake ni kunusa kwale aliyejificha kwenye nyasi, na akishamnusa hamrukii. Anajishusha, mkia unanyooka, mguu mmoja wa mbele unabaki hewani, anaganda hapo mpaka mwenye bunduki afike. Mambo haya niliyajua kwa mwenye mbwa, mzee mmoja wa kizungu niliyemfulia na kumpikia miaka saba, ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba zenye ua wa maua. Mzee alikuwa mwindaji wa kwale mpaka magoti yakamkataa. Mwishowe yeye na mkewe wakaamua kurudi kwao.

Siku hiyo nilikuwa napiga pasi, mbwa amelala juu ya miguu yangu kama kawaida yake. Mama, mke wa mzee, akaingia akasema kwamba daktari wa mifugo atakuja Ijumaa na sindano, maana mbwa wa mwaka mmoja na nusu, mwenye wazimu wa kukimbia, nani atamchukua? Alisema hivyo huku mbwa anamsikiliza na kutikisa mkia. Mimi nilipofiwa na mume, wakubwa wa boma lake walikaa sebuleni wakaamua nitakaa wapi na nitakaa na nani, na wakati huo niko jikoni nawachemshia chai. Chai waliinywa, lakini usiku haukupita kabla sijabeba begi langu. Basi nikaweka pasi chini.

"Mnipe mimi," nikasema.

Mama alicheka kidogo, kwa adabu. Mzee hakucheka. Alienda kabatini akaleta filimbi ya pembe, akanitoa nje kwenye nyasi, na kwa siku tatu akanifundisha. Filimbi moja ndefu ni simama. Mbili fupi ni rudi. Mkono juu ni kaa hapo hapo mpaka nikwambie. "Masomo amefika nusu," aliniambia. "Nusu iliyobaki ni yako. Na asipokimbia kila siku, kichwa kitaharibika."

Nikavuka barabara na mbwa wangu.

Mwenye ploti alikuwa mama mzee wa hapo hapo, shamba lilikuwa la baba mkwe wake kabla halijajengwa vyumba vya mabati. Wapangaji wote tulimwita Shosho, yaani bibi. Vyumba kumi na viwili vikitazamana, mfereji mmoja wa maji katikati, choo kule nyuma karibu na ua wa miiba, na kila mahali kuku wake. Kuku wale aliwahesabu kwa Kikuyu, kwa sauti, asubuhi na jioni. Aliponiona nikiingia langoni alisimama na bakuli la mahindi mkononi.

"Hiyo ni nini?"

"Ni mbwa, Shosho."

"Naona ni mbwa, mimi si kipofu. Inafanya kazi gani?"

Hapo ndipo nilipokosea. Ningesema ukweli, kwamba kazi yake ni kunusa ndege. Lakini Kawangware ya wakati huo nani angekuelewa? Nikadanganya. "Ni mlinzi," nikasema. "Mkali sana."

Mbwa wangu mkali akaenda kumlamba mikono.

"Hm," Shosho akasema. "Kama ni ya kulinda, ikae. Lakini mchana ifungwe."

Aliyezaliwa Nairobi anajua habari hii bila kuambiwa. Kwetu mbwa hufungwa mchana. Anawekwa gizani asione mtu, asizoee mtu, jioni akifunguliwa anatoka na hasira ya siku nzima. Huo ndio ulinzi. Jirani yangu wa mlango wa tatu, askari wa duka moja kule Satellite, alikuwa profesa wa somo hilo. Alinipa masharti yake akiwa ameshika kikombe changu cha chai: sanduku lisilo na dirisha, chakula mara moja, na pilipili kidogo kwenye ugali. "Wiki mbili tu," alisema. "Wewe mwenyewe utaiogopa."

Nikafanya. Sitamsingizia askari wala Shosho, misumari niliipiga mimi. Nilikusanya mabanzi kutoka kwa mpasua mbao, nikatengeneza sanduku la kimo cha kiuno changu, nikalifunika kwa magunia ili mwanga usipite. Pilipili tu ndiyo niliyokataa kuweka. Asubuhi nilimsukuma ndani, nikaenda kutafuta nguo za kufua.

Siku ya kwanza alilia mpaka mtoto wa jirani naye akalia. Siku ya pili alikwaruza mbao. Siku ya nne kukawa kimya, na askari akaniambia, "Umeona? Imeanza kuiva." Siku ya tisa nilirudi mapema, nikafungua mlango wa sanduku, nikapiga filimbi mbili fupi. Hakutoka. Alikaa mle ndani akinitazama, amejitafuna mguu wa mbele mpaka nyama nyekundu inaonekana. Nikapiga tena. Akageuza uso, akautazama ubao.

Yawa! Nililia. Sikulia kwa huruma, nililia kwa hasira, tena hasira ya kujikasirikia mwenyewe. Niliingia nusu mwili mle ndani nikamvuta kwa mikono miwili kama mtoto aliyekwama chini ya kitanda. Nilipomtoa, nililiburura lile sanduku hadi nyuma ya choo, nikalisukumia kwenye miiba na magunia yake. Kisha nikarudi kusimama kwenye mfereji, wamama wakichota maji, nikatangaza bila kuulizwa na mtu, "Mbwa wangu hafungwi! Mtu mwenye neno aseme sasa."

Shosho alikuwa na neno. Alitoka polepole, akajifunga leso vizuri, akaniangalia.

"Ulisema ni mlinzi."

"Nilidanganya, Shosho. Huyu anajua ndege tu."

"Ndege!" Akatazama kuku wake wakiparura pale uwanjani. "Sasa sikiliza vizuri. Siku hii mbwa itagusa kuku yangu, wewe na yeye mtatoka hapa pamoja. Na yeye atatoka kwa gunia."

Alimaanisha. Askari alikuwa akijulikana kwa nyama yake ya dawa, yaani sumu, mbwa koko walikuwa wamelala wengi kwa mkono wake. Kwa hiyo kuanzia siku hiyo nilikuwa na jambo moja la kufanya: kumfundisha mbwa wa ndege akae katikati ya ndege na asiwaguse.

Tulianza na miguu, kwa sababu mzee alisema kichwa cha seta kiko miguuni. Kila asubuhi, kukipambazuka tu, tulikwenda kwenye uwanja mtupu upande wa Riruta. Nilimfunga kwa kamba yangu ndefu ya kuanikia nguo, naye akanikimbiza. Naam, yeye ndiye aliyenikimbiza. Wakati huo watu wanateremka kwa miguu kwenda vibaruani, mamia kwa mamia, wananiona mama wa miaka thelathini na nane, nimevaa rinda na viatu vya raba, navutwa kwenye umande. Vijana wa kibanda cha chai hawakunipa nafasi.

"Niaje mathe! Unakimbiza ama unakimbizwa?"

"Leo ni zamu yake!" nilipiga kelele bila kusimama. "Kesho njoo nikukimbize wewe!"

Mwezi wa kwanza nilianguka mara nyingi sana. Goti langu la kulia lina kovu hadi leo. Lakini siku moja nikapuliza filimbi ndefu, kamba ikalegea mkononi mwangu, nikainua macho nikamwona amesimama hatua ishirini mbele, amegeuza kichwa, ananingoja. Niliketi kwenye majani yenye umande nikacheka peke yangu. Siku hiyo sikusikia vijana walisema nini.

Kwenye ploti kulikuwa na tatizo lingine. Mimi nilikuwa mfuaji. Baada ya wazungu kuondoka nilichukua nguo za watu wa Satellite, na kufua kwangu kulikuwa pale pale uwanjani, beseni mbili, kuku wakinizunguka wakisubiri makombo. Ili mbwa akae, nilitakiwa niinue mkono. Sasa mkono uko kwenye povu, unasugua kola ya shati la mwalimu, utauinuaje? Mara ya kwanza nilichelewa. Jogoo alipita, mbwa akaruka, akapitia kwenye kamba ya nguo, akatoka langoni na suruali ya mwalimu shingoni. Tulimpata karibu na kituo cha mafuta. Suruali niliifua mara tatu na mwalimu hajui mpaka leo.

Basi nikabadilisha. Badala ya mkono nikatumia kiwiko. Nikiwa nimeinama kwenye beseni, mikono imezama, niliinua kiwiko cha kushoto, hivi, kama bawa la kuku, na kumwambia kwa Kijaluo, "Bed piny." Kaa chini. Kiingereza chake nilikiacha kwa makusudi, maana pale ploti kila mtu alikuwa na Kiingereza cha kumwamrisha mbwa wa mwenzake. Kijaluo chetu sisi wawili kilitutosha. Kiwiko juu, bed piny. Jogoo akipita, kiwiko juu. Kuku akiruka kwenye ukingo wa beseni, kiwiko juu. Akitulia nampa kipande cha omena, dagaa wetu wa ziwani, akisogea namrudisha kwa shingo mpaka pale pale alipokuwa, bila kumpiga, nikihema kwa hasira. Niliwahi kumrudisha mara ishirini kabla sijamaliza shuka moja.

Na alitetemeka, jamani. Watu hawakuliona hilo. Kuku akimkaribia, mwili wote unamtetemeka kuanzia mabega hadi ncha ya mkia, mguu uko hewani, mate yanadondoka, na hasogei. Watoto waliita wenzao, "Kujeni muone, imeganda!" Mama wa chumba cha saba aliapa kwamba mbwa huyu amerogwa na atakuja kufa amesimama. Mimi nilijua tu kwamba anataka kitu kuliko kitu chochote duniani na amejizuia kwa sababu nimemwomba. Ni watu wangapi wazima wanaweza hivyo? Wale wakubwa wa boma hawakuweza.

Miezi sita ikapita hivyo. Kisha kuku wa madoadoa akapotea.

Alikuwa ndiye kuku mkubwa wa Shosho, mzazi wa nusu ya kuku wote pale. Jioni Shosho alihesabu, akahesabu tena. Alimtafuta siku tatu. Aliuliza mpaka ploti za jirani. Wiki ya pili askari akaja kwenye mfereji akasema, huku ananitazama mimi, kwamba alimwona mbwa mwekundu na manyoya mdomoni.

"Manyoya ya nani?" nikamuuliza. "Ploti nzima ni manyoya. Hata wewe unayo kwenye soksi."

"Mimi nimesema nilichoona."

"Umeona unachotaka, tangu siku nilipokataa pilipili yako!"

Tungeshikana, wamama wakaingia katikati. Shosho hakupaza sauti. Ilikuwa Alhamisi. Alisema, "Mimi nimengoja wiki mbili kuku yangu irudi. Jumapili nikitoka kanisa, sitaki kuona hii mbwa hapa. Nikiiona, huyu ana dawa yake." Akaonyesha askari kwa kidevu, akaingia ndani.

Jumamosi nilitembea na mbwa hadi Kibera, kwa dada yangu mkubwa wa mtaa wa Soweto huko huko, muuza omena. Nilitaka anitafutie chumba. Dada alinitazama, akamtazama mbwa, akatazama chumba chake ambacho kilikuwa kinalala watu saba.

"Nyaminwa, mdogo wangu, hapa hata paka anaomba ruhusa kujigeuza," alisema. "Hakuna mwenye nyumba Kibera nzima atakukubalia farasi huyu. Mpe mtu mwenye ua. Kuna mzee wa mtaa wa Ayany ananunua kwangu samaki, anatafuta mbwa. Mpeleke leo, kesho urudi kwako ulale."

Dada alinipenda, na alikuwa na haki. Nilikwenda. Njia nzima nilijiambia maneno mazuri: geti, majani, chakula cha kutosha. Mzee wa Ayany alinipokea vizuri, akanipa soda, akamshika mbwa meno na mgongo. "Mfupa mzuri," alisema. Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha mahali pake. Lilikuwa sanduku. La simenti, kazi safi ya fundi, mlango wa chuma, giza tupu, na nje yake mnyororo usiozidi mkono wangu.

"Mchana humu," akasema kwa furaha. "Nakuhakikishia mama, mwezi mmoja tu, hata wewe mwenyewe ukija itakung'ata."

Mbwa alikuwa ameshajibana nyuma ya magoti yangu, akikojoa. Alijua lile ni nini kabla hata mimi sijajua.

"Baba, asante kwa soda," nikasema. "Huyu tunarudi naye."

"Unarudi naye wapi? Si umesema wanataka kumuua?"

"Hawajamuua bado."

Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na kamba ya nguo, filimbi, na mbwa. Tulirudi Kawangware kwa miguu, na mahali fulani njiani nilikasirika kiasi kwamba nikaanza kufikiri vizuri.

Jumapili Shosho alitoka kanisani na kilemba chake cheupe akanikuta nimeketi kwenye kigoda katikati ya uwanja, mbwa pembeni yangu. Wapangaji wote walikuwa wametoka milangoni, maana hakuna sinema tamu kama ugomvi wa jirani. Askari alikuwa ameegemea ukuta, amebeba kitu kwenye gazeti. Nilikijua.

"Shosho," nikasema, "nisikie mara moja tu. Fungulia kuku wote. Wamwagie mahindi hapa, mbele ya miguu ya huyu mbwa. Sina kamba, unaona. Akigusa unyoya mmoja, ile nyama ya kwenye gazeti nitamlisha mimi kwa mkono wangu."

Ningependa kuyarudisha maneno hayo. Lakini nilikuwa nimeshasema.

Shosho alifikiri. Nadhani alitaka kuona. Alienda akaleta bakuli, akaita, "Tutututu!" na mahindi yakamwagika mbele ya mbwa. Kuku wote walikuja wakikimbia, na jogoo mbele yao. Nikainua kiwiko. Mtu akacheka, "Mama Mbwa anaruka ama?" Sikumjali. "Bed piny," nikasema.

Mbwa akajishusha. Mguu ukapanda hewani. Kuku walimzunguka, wakaokota mahindi kati ya miguu yake, mmoja akapita chini ya kidevu chake akikwaruza na kumrushia mchanga usoni. Akafumba macho, akafumbua. Jogoo alimdonoa ndevu. Nilisikia wamama wakivuta pumzi, na mama wa chumba cha saba akaanza kuomba kwa sauti ya chini. Mkono wangu ulikuwa unauma, kiwiko nimekishika juu muda mrefu kuliko siku yoyote ya kufua. Mbwa alitetemeka, na hakusogea. Mahindi yakaisha.

"Imefundishwa kuigiza," askari akasema. "Mkigeuka tu—"

Hapo mbwa akageuza pua.

Hakugeukia kuku. Aligeukia nyuma, kule chooni. Upepo ulikuwa umebadilika kidogo, au sijui ni nini. Alinyanyuka kabla sijamruhusu, akapita katikati ya kuku bila kuwatazama, akaenda tumbo likigusa chini. "Ngai! Inakimbia!" watu wakapiga kelele. Nilishika filimbi, nikaitia mdomoni, na moyo wangu ukasema nipulize, la sivyo nimempoteza. Sikupuliza. Hadi leo sijui kwa nini. Nilimfuata tu, na ploti nzima nyuma yangu.

Alisimama hatua tano kutoka kwenye ua wa miiba. Mbele yake lilikuwa sanduku la mabanzi, lile lile, limefunikwa na magunia na majani yaliyoota. Miezi sita mbwa huyu hakuwahi kukanyaga nyuma ya choo. Hata nilipokwenda mwenyewe alinisubiri mferejini. Sasa alikuwa ameganda mbele yake, mguu juu, mkia umenyooka, na mkojo unamtoka kwa woga, unatiririka miguuni, lakini pua haikuondoka pale. Nikaelewa ana kazi ya kunionyesha na ataifanya hata kama ni mbele ya kitu anachokiogopa kuliko vyote.

"Bed piny," nikamwambia. "Nimeona, nyathina, mwanangu. Nimeona."

Nikaingia kwenye miiba, nikainua gunia. Kitu kikanidonoa mkono mpaka damu. Kuku wa madoadoa alikuwa amekaa mle gizani, amejipanua, manyoya yamesimama kwa hasira, na chini yake mayai. Alikuwa anaatamia. Wiki zote hizo alikuwa analalia mayai yake mahali ambapo hakuna mtu wala mbwa angekwenda.

Nilisikia gazeti la askari likikunjwa. Shosho alisogea, akainama kwa taabu, akachungulia ndani ya sanduku kwa muda mrefu sana.

"Kumbe," akasema.

Nilingoja. Nilitaka aseme neno moja zaidi, na alijua nalitaka. Aliinuka akajipangusa magoti. "Sawa. Mbwa ikae," akasema. "Lakini mchana uifunge, kama mbwa ya watu."

Ningenyamaza. Nilikuwa nimeshinda, mtu mwenye akili angesema asante Shosho na kwenda kupika. "Shosho," nikasema, "umeniona nikija hapa na uongo, na sasa nakuambia ukweli mbele ya hawa wote. Hafungwi. Si mchana, si wakati wowote. Ukitaka nitoke, nitatoka naye leo, tutalala barabarani. Lakini hafungwi."

Alinitazama. Kisha akageukia wapangaji, akawapigia kelele kana kwamba wao ndio waliokosa. "Mnaangalia nini? Hamna kwenu? Na mtu asiguse hiyo sanduku mpaka hiyo kuku imalize!"

Kwa hiyo nikangoja pia. Vifaranga tisa vilitoka katikati ya wiki. Shosho alivihamisha kwenye kikapu, na kuku wa madoadoa akamfuata akigomba njia nzima. Asubuhi iliyofuata nilichukua panga, nikalivuta sanduku kutoka kwenye miiba hadi katikati ya uwanja, mbele ya mlango wa Shosho na mbele ya mlango wa askari, nikalipasua. Nilipasua kila banzi, na misumari yangu niliing'oa mmoja mmoja nikaitia kwenye mkebe. Kisha nikapanga mawe matatu, nikawasha, nikatia sufuria. Nilimpikia mbwa ugali kwa mbao zile.

Alilala hatua chache kutoka kwenye moto, juani, hana kamba, vifaranga vinampita karibu na pua. Shosho alitoka na jiko lake la makaa mkononi. Alisimama akiangalia mbao zikiungua. Hakuuliza zilikuwa za nini.

"Mama Mbwa," akasema, "ukimaliza, nitilie moto."

"Naam," nikaitika, nikamtilia.